Masikio Yote Ndani ya Ndege ni Sawa

Ndugu wafanyakazi, huenda mtashangaa kukuta katika ukurasa huu habari za vifaa vya rubani. Mtauliza: sisi wakata miwa, wachuma chai na watu wa mitambo ya kiwandani, hedseti ya ndege inatuhusu nini? Nami nilijiuliza swali hilo hilo siku nilipoitwa kwenye kamati ya ununuzi nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi, nikapewa karatasi iliyojaa majina ya kampuni za Marekani pamoja na bei zake, nikaambiwa nitoe maoni. Meneja alikuwa mbele yangu. Rubani wetu, mtu mzima ambaye sote tunamwita Kapteni, alikaa upande wa pili wa meza. Jambo lenyewe lilikuwa hedseti moja tu, na bei yake ilikuwa sawa na ng'ombe wawili wazuri wa maziwa.

"Mzee," meneja akaniambia, "wewe umefanya kazi na ndege hizi miaka tisa. Sema kweli. Ng'ombe wawili wa nini masikioni?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikio langu la kushoto ndilo lililokuwa upande wake, na nilisikia nusu tu ya maneno hayo. Nusu nyingine niliisoma midomoni mwake.

Miaka hiyo tisa nilikuwa mpakiaji wa dawa. Ndege ya kunyunyizia inatua, injini haizimwi, sisi tunakimbilia na mpira wa dawa, tunajaza tangi, tunarudi nyuma, ndege inaondoka. Dakika chache baadaye inarudi tena. Tangu alfajiri hadi upepo unapoanza kuvuma. Masikioni tuliweka pamba, na siku ambazo pamba haikuwapo tuliweka vidole. Kampuni niliyoifanyia kazi wakati ule sitaitaja, maana haikuwa mbaya kuliko nyingine. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Lakini leo, mjukuu wangu akiniita kwa sauti yake nyembamba, sisikii mpaka anishike mkono.

Kwa hiyo nilichukua karatasi ile nyumbani nikaisoma kwa muda wa majuma mawili, nikamfuata Kapteni, nikawafuata mafundi wawili wa uwanja wa ndege, nikauliza. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapata, pamoja na maoni yangu mwenyewe ambayo si lazima kila mtu akubaliane nayo.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Hedseti ni kile kifaa anachovaa rubani kichwani: ukanda wa chuma unaopita juu ya utosi, vikombe viwili vinavyofunika masikio, na kipaza sauti kidogo kilichosimama mbele ya mdomo. Kina kazi tatu kwa wakati mmoja. Kinazuia kelele isiingie, kinaleta sauti ya redio na ya mwenzako uliyekaa naye, na kinapeleka sauti yako kwao. Mtu anayenunua akiangalia kazi moja na kusahau mbili nyingine, amepoteza fedha.

Sasa kelele yenyewe. Wengi hudhani kelele ni kelele, kumbe ina namna zake. Chukua ndege ndogo kama Cessna 172, ambayo wengi wenu mmeiona. Injini yake ina silinda nne na pangaboi lake lina mapanga mawili. Ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, ni mara 40 kwa sekunde. Kila mzunguko mapanga mawili yanakata hewa, hiyo ni mitikisiko 80 kwa sekunde. Na injini ya silinda nne huwaka mara mbili katika kila mzunguko, hiyo nayo ni 80. Kwa hiyo injini na pangaboi vinapiga ngoma moja, nzito, ya chini kabisa, na ngoma hiyo ndiyo unayoihisi kifuani kuliko masikioni. Juu yake kuna kelele nyembamba: upepo kwenye vioo, mlio wa gia, chuma kinachosuguana.

Kelele nyembamba huzuilika kwa urahisi. Kikombe kizito chenye sponji ndani na mto mzuri unaokaza pembeni mwa sikio kinaizuia vizuri sana. Lakini ile ngoma nzito ina wimbi refu, zaidi ya mita nne kwa ile ya mitikisiko 80. Wimbi la namna hiyo haliogopi sponji. Linapita kwenye kikombe, linapita kwenye mfupa wa kichwa, linaingia. Ndiyo maana rubani aliyevaa hedseti nzuri ya kawaida anateremka baada ya saa tano kichwa kikivuma kama mzinga wa nyuki.

Hapo ndipo ilipoingia hedseti ya umeme. Ndani ya kila kikombe kuna kipaza sauti kidogo kinachosikiliza kelele iliyokwisha kuingia. Mtambo mdogo unaipokea kelele hiyo, unaipindua, na spika inaitoa ikiwa imepinduliwa. Wimbi moja linasukuma, jingine linavuta. Fikiri watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, mmoja yuko ndani na mwingine nje, kwa nguvu sawa na kwa wakati uleule: mlango hausogei. Ngozi ya sikio nayo haisogei, au husogea kidogo tu. Lakini angalieni, kazi hii inafanikiwa zaidi kwa zile kelele nzito za chini. Kelele nyembamba ni za haraka mno, mtambo hauziwahi, na hizo zinabaki kuwa kazi ya kikombe na mto. Muuzaji hatakuambia hivyo.

Wazo lenyewe si jipya. Mjerumani Paul Lueg aliliandikia hati ya uvumbuzi mwaka 1933, na Marekani ikampa yake mwaka 1936. Wakati ule hapakuwa na vifaa vidogo vya kutosha kulitimiza. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa Marekani mwenye kampuni ya spika, alikuwa katika ndege akitoka Ulaya kurudi nyumbani, akakerwa na kelele, akaanza kufanya hesabu palepale kitini. Mwaka 1986 Dick Rutan na Jeana Yeager waliizunguka dunia nzima kwa ndege Voyager, siku tisa bila kutua wala kuongeza mafuta, wakiwa na hedseti za majaribio za aina hiyo. Mwaka 1989 zikaanza kuuzwa kwa marubani wa kawaida. Leo kampuni kadhaa zinazitengeneza: Bose, Lightspeed, na hata David Clark wa Massachusetts, ambaye vikombe vyake vya kijani vilikuwa vimeenea kwenye ndege ndogo miaka mingi kabla ya habari hii ya umeme.

Sasa turudi kwenye meza ya kamati. Meneja alikuwa na hoja yake, nami siwezi kusema ilikuwa ya kipuuzi. Alisema: hedseti ya kawaida inauzwa kwa theluthi au robo ya bei hiyo, marubani wa zamani waliruka nazo, na wengine waliruka bila hata hizo. Kweli. Lakini marubani wa zamani wako wapi, na wakiitwa majina yao wanaitika mara ya ngapi?

Tusikilize kipimo. Kelele hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari. Zikiongezeka tatu tu, nguvu ya kelele imekuwa mara mbili. Taasisi ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi inashauri mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku. Zikifika 88, saa nne. Zikifika 94, saa moja. Zikifika 100, dakika 15. Jirani zetu Kenya, katika kanuni zao za kelele za mwaka 2005, waliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Ndani ya ndege nyingi ndogo za injini ya pistoni, na ndani ya helikopta, kelele hupita 90 mara nyingi, na hutokea ikakaribia 100. Rubani wetu msimu wa kunyunyizia anakaa humo saa tano au sita kila siku. Fanyeni hesabu wenyewe.

Na kuna jambo ambalo mimi sikulijua mpaka Kapteni aliponieleza. Kelele ikiwa kubwa, rubani anaongeza sauti ya redio ili aisikie. Redio ile inapigia ndani ya kikombe, karibu kabisa na sikio. Basi sikio linapigwa mara mbili, na kelele ya nje na redio ya ndani. Ngoma nzito ikipunguzwa, rubani anateremsha redio mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Kwa maoni yangu faida hiyo peke yake inatosha kulipia nusu ya bei.

Tena kuna usalama. Sikio linapoharibika na kelele, huanza kupoteza sauti nyembamba, zile zinazotofautisha herufi moja na nyingine: s, f, t, sh. Mtu anasikia kwamba unasema, lakini hasikii unachosema. Kwangu mimi "sita" na "tisa" ni watoto pacha. Kwenye redio ya ndege, ambako Kiingereza ndicho kinachotumika, wenyewe waliona hatari hiyo zamani, ndiyo maana tisa yao inatamkwa "naina" na tano inatamkwa "faifu", ili zisifanane. Rubani aliyeambiwa aende futi fulani akasikia nyingine hajafanya kosa la adabu.

Kwa hiyo nilikubaliana na Kapteni kwamba hedseti ya umeme ni haki. Lakini sikukubaliana naye juu ya ipi, wala juu ya ngapi.

Tuanze na ipi. Kapteni alitaka ile ya bei ya juu kabisa, yenye uwezo wa kuunganishwa na simu bila waya na kupiga muziki. Mimi nikasema muziki atausikiliza nyumbani. Kitu cha kwanza cha kuangalia katika hedseti ya umeme ni namna inavyokuwa umeme ukikatika. Nyingi hutumia betri mbili ndogo, zile za tochi. Huku kwetu betri za dukani tunazijua: nyingine ni mpya kwa rangi tu, na nyingine huvuja maji yanayokula chuma cha ndani. Betri ikifa angani, je, redio itaendelea kusikika? Je, kikombe kitaendelea kuzuia kelele? Hedseti nzuri inaendelea na kazi zote mbili, isipokuwa ile ya kupindua wimbi. Kuna zile zilizotengenezwa nyepesi mno kwa kutegemea umeme, na umeme ukizimika rubani ni kama amevaa kofia. Basi nilisema: kabla ya kulipa, ivaliwe injini ikiwa inaunguruma, swichi izimwe, mtu asikilize.

Mnaponunua msidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye sanduku. Ipo alama ya kuzuia kelele ambayo sheria ya Marekani inaitaka tangu mwaka 1979, na kwenye hedseti za kawaida mara nyingi husomeka desibeli 20 na kitu. Namba hiyo hupatikana maabara, kwa watu waliovishwa vizuri na kutulia kitini. Shambani haifiki hapo. Wataalamu wa Marekani wenyewe wanashauri kwa vikombe vya masikio upunguze robo yake kabla ya kuiamini. Tena namba hiyo inahusu kikombe na mto, haionyeshi kazi ya umeme. Hedseti ya umeme inaweza kuwa na namba ndogo na bado ikamfaa rubani kuliko yenye namba kubwa, kwa sababu ngoma nzito ndiyo adui wake. Hapo muuzaji mjanja anaweza kukugeuza apendavyo kama hujui.

Na yule kijana wa ofisini aliyeleta wazo la kununua vile visikizio vya muziki vinavyouzwa mijini, eti navyo vinaua kelele kwa bei nafuu, namwambia kwa heshima: hapana. Havina kipaza sauti cha kuzungumzia katika kelele, vikombe vyake ni vyepesi, na plagi yake haiingii kwenye ndege.

Plagi! Hapa ndipo fedha nyingi zimetupwa. Ndege ndogo kwa kawaida ina matundu mawili, moja kubwa kidogo kwa kusikilizia na moja dogo kwa kusemea. Helikopta nyingi zina tundu moja tu lenye plagi nene ya aina yake. Kuna na ndege zenye tundu la tatu la namna nyingine linalotoa umeme wa ndege yenyewe, na hapo hedseti haihitaji betri. Sisi tuna ndege moja yetu, na helikopta tunakodi wakati wa kunyunyizia dawa ya kuivisha miwa. Hedseti ya ndege haiingii kwenye helikopta bila kiunganishi. Vilevile baadhi ya helikopta na ndege zilizotoka jeshini zina redio zinazotaka kipaza sauti cha aina nyingine kabisa. Ukichomeka cha kawaida, rubani anasema peke yake. Fundi aulizwe kwanza, na aandike kwenye karatasi aina ya tundu la kila chombo, ndipo barua ya kuagiza iandikwe. Nimeambiwa habari za mahali ambapo sanduku zima la hedseti lilikaa stoo mwaka mzima kwa ajili ya plagi.

Jambo jingine dogo: hedseti nyingi za sasa zina swichi ya sauti ya pande mbili. Ndege ya zamani haina mfumo huo, na swichi ikikaa pabaya rubani anasikia sikio moja tu. Mafundi wetu walikaribia kuirudisha moja dukani wakidhani ni mbovu.

Helikopta ni suala la peke yake. Ile ndogo ya Robinson R44, ambayo huonekana sana katika kazi za mashamba na za utalii, pangaboi lake la juu huzunguka kama mara 400 kwa dakika, nalo lina mapanga mawili. Hiyo ni mipigo kama 13 kwa sekunde, chini hata ya kile sikio linachoweza kukiita sauti. Mwili wote unakisikia. Juu ya hapo kuna pangaboi la mkiani na mlio wa gia usiokatika. Basi helikopta inataka vyote viwili, kikombe kizuri na umeme, kuliko ndege ya kawaida. Kwa kazi ya kunyunyizia mara nyingi milango hutolewa, na upepo unapiga kipaza sauti moja kwa moja. Kipaza sauti lazima kiwe na kifuniko cha sponji, na kikae karibu na midomo, upana wa kidole kimoja tu. Nimeona watu wanakiweka kidevuni halafu wanalalamika redio ni mbovu. Waya wa helikopta afadhali uwe ule wa kujikunja kama chemchemi, usije ukaning'inia kwenye usukani.

Kapteni mmoja wa helikopta, mzee kuliko wetu, alinipinga. Alisema: "Mimi naijua injini kwa mlio wake. Ukininyima mlio umeninyima daktari." Nilimheshimu sana kwa neno hilo, kwa sababu hata sisi kiwandani fundi hodari anajua ugonjwa wa mashine kabla hajaigusa. Lakini kelele haiondolewi yote, inapunguzwa. Mlio ukibadilika, badiliko linasikika, ila masikio yanataka siku chache za kuzoea. Honi ya tahadhari mapanga yanapopungua mwendo ni sauti ya juu kuliko zile ambazo umeme unazipunguza zaidi, nayo hupenya. Hata hivyo nilimwambia, asiniamini mimi: aijaribu honi hiyo ardhini na hedseti mpya kichwani kabla ya kuruka nayo. Hilo alilikubali.

Sasa vitu vinavyosahaulika, ambavyo kwangu mimi ni muhimu kuliko jina la kampuni. Mto wa sikio. Ule mto laini unaozunguka kikombe ndio mlango wa nyumba. Jasho linaukausha, jua linaupasua. Ndege yetu hulala nje, na hedseti huachwa juu ya dashibodi chini ya kioo siku nzima, mpaka mto unakuwa mgumu kama ngozi ya ngoma. Mto mgumu hauzibi, na hedseti ya bei ya ng'ombe wawili inakuwa ya bei ya kuku. Mito mipya bei yake ni ndogo tu, na ibadilishwe kabla haijapasuka, isisubiri mpaka sponji itokeze. Miwani nayo inafungua mwanya pale mkono wake unapopita chini ya mto. Rubani mwenye miwani apate yenye mikono myembamba. Kuna jaribio rahisi ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya: vaa hedseti injini ikiwa inaunguruma, kisha bonyeza vikombe viwili kwa viganja. Kama kelele inapungua sana unapobonyeza, basi mto hauzibi, au ukanda umelegea, au hedseti haikupimwa kwa kichwa chako. Na watu wasivae hedseti moja kwa zamu bila vifuniko vya kitambaa vya kufua. Ugonjwa wa masikio unahama kama chawa.

Nimefika kwenye neno "ngapi", na hapa ndipo tulipogombana.

Orodha ya kwanza ilikuwa hedseti moja ya umeme kwa ajili ya Kapteni. Lakini ndani ya ndege yetu kuna viti viwili vya mbele. Fundi hukaa hapo kila ndege inapojaribiwa, na msimu wa kupanda mtu wa shamba hukaa hapo kuonyesha mipaka na sehemu zenye ugonjwa. Hao walikuwa na hedseti kuukuu, kikombe kimoja kimefungwa kwa utepe wa fundi umeme. Nikauliza: kelele ikiingia ndani ya ndege inauliza cheo? Kapteni, nampongeza, alikuwa wa kwanza kunyamaza na kuangalia meza. Meneja alisema fedha za mbili hazipo.

Mimi nikasema hivi, na bado nasimama hapo. Kama fedha zipo, anayekaa humo saa nyingi kila siku apewe ya umeme, na mwenzake wa kiti cha pili katika safari hizo hizo naye apewe, hata kama si ya kampuni ileile. Anayepanda mara moja kwa mwezi inamtosha ya kawaida iliyo nzima. Kama fedha hazipo kabisa, basi heri kwa bei ya ile moja kununua tatu za kawaida zilizo nzuri, na seti za mito ya akiba, kuliko kumvika mtu mmoja taji na kuwaacha wengine na utepe. Najua marubani wengi hawatapenda maneno haya. Lakini rubani anayetaka ya umeme kwa ajili yake peke yake anapaswa kujua kwamba fundi asiyesikia vizuri ndiye anayeisikiliza injini yake kesho asubuhi.

Meneja akatoa pendekezo lake: Kapteni achangie nusu, akatwe kwenye mshahara kidogo kidogo. Hapo chama kilisema la. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981, katika kifungu cha 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Nchi zinatofautiana katika kuutia sahihi, lakini maana yake mtoto anaielewa. Hatununui sisi boila, tununue vipi vya kutukinga nayo?

Na kuna mkataba mwingine, namba 148 wa mwaka 1977, unaohusu kelele yenyewe. Huo unataka kelele ipunguzwe kwanza pale inapotoka, kwenye mashine, na kifaa cha kuvaa kije pale ambapo hilo limeshindikana. Ndani ya ndege ndogo kweli limeshindikana, huwezi kufungia injini ndani ya ukuta wa matofali na kuruka nao. Kwa hiyo hedseti si kisingizio cha mwajiri, ni dawa yenyewe. Lakini wapakiaji je? Pale chini kelele inaweza kupunguzwa kwa neno moja tu: zima injini wakati wa kupakia. Tunaambiwa kuzima na kuwasha kunapoteza muda na kuchosha injini. Ikiwa ni hivyo, basi wapakiaji wapewe vikinga masikio vya kawaida, vikombe vizito bila umeme wala redio. Hawahitaji zaidi ya hapo. Tena kwa mtu anayetembea karibu na pangaboi linalozunguka mimi nisingependa kifaa kinachoifanya ile ngoma nzito ionekane iko mbali. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya ile ya Kapteni. Ukijumlisha ya wapakiaji wote sita haifiki robo yake.

Kamati ilikutana mara ya tatu. Zimeagizwa hedseti mbili za umeme za bei ya kati, zenye waya na plagi za ndege yetu, pamoja na kiunganishi kimoja cha helikopta. Hedseti mbili za kawaida zitatengenezwa upya kwa mito mipya na vipaza sauti vipya, nazo zitawekwa kwa wageni na wakaguzi. Fundi mkuu amepewa kabati lenye kivuli na kufuli, na daftari la kuandika tarehe ya kubadilisha mito. Kapteni hatakatwa kitu.

Vikinga masikio sita vya wapakiaji viliondolewa kwenye orodha dakika za mwisho, kwa maelezo kwamba wapakiaji ni vibarua wa msimu. Nimeandika barua ya kupinga, mwenyekiti wa tawi ametia sahihi, na Kapteni naye ameomba mwenyewe kuitia sahihi. Msimu wa kunyunyizia unaanza baada ya majuma matano.